Mchango wa Mlima Huanza Moto Ukizima

Kila mwaka, kuanzia Januari mpaka siku mvua ya masika itakubali kunyesha, simu yangu hujaa video za moto. Mlima fulani umewaka. Ni usiku, kuna mstari mwekundu kwenye giza, na sauti ya mtu nyuma ya kamera inasema "woi, woi". Baada ya video huja jumbe zenu. "Wewe uko na wafuasi, si uanzishe mchango? Weka nambari tutume."

Sijakataa. Lakini kabla niweke nambari yoyote, nataka tupige stori ya historia, kwa sababu hii kitu ya watu wa huku kwetu kuchangia ardhi na milima ni ya zamani kuliko M-Pesa, na ndani yake kuna jibu la swali lenu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usitarajie lugha ya profesa. Kusoma ndio sikuacha.

Hoja yangu ni moja, na nitaiweka mapema ili usiseme nilikuzungusha: sisi ni wazuri sana wa kuchanga wakati kitu kinawaka. Mlima hauponi wakati huo. Unapona mwaka wa pili, wa tatu, wa kumi, wakati hakuna video. Na pesa ya mwaka wa pili ndiyo ngumu kuliko zote.

Kwanza, mlima unamhusu nini mtu wa Kapsoya?

Fungua mfereji. Sehemu kubwa ya maji ya Eldoret hutoka bwawa la Chebara, kule Elgeyo Marakwet, na Chebara hujazwa na mto Moiben unaoshuka kutoka milima ya Cherangani. Sosiani, ule mto tunauvuka kila siku tukiingia tao na kuutupia taka bila haya, unaanzia misitu ya upande wa Kaptagat. Kwa hivyo wewe unayesema "mimi ni mtu wa mtaa, mambo ya milima ni ya wazungu na watalii", unaoga mlima kila asubuhi.

Kama unadhani natia chumvi, angalia Kilimanjaro. Dunia nzima inalia juu ya barafu yake inayoyeyuka. Mwaka 2005 mtafiti mmoja Mjerumani, Andreas Hemp, ambaye amezunguka ule mlima miaka mingi akihesabu mimea, alichapisha utafiti uliobadilisha stori. Alionyesha kwamba moto ulikuwa umekula msitu wa juu kwa kiwango cha kutisha tangu 1976, na kwamba kwa upande wa maji, hasara hiyo ni kubwa kuliko ya barafu. Sababu ni rahisi. Ile miti ya juu, iliyojaa kuvu na ndevu za kijani, hukamata ukungu. Wingu linapita, matawi yanalowa, maji yanadondoka chini, udongo unayahifadhi, mto unayapokea. Ukichoma msitu, wingu linapita tu na safari zake. Hakuna wa kulisimamisha.

Kwa hivyo mlima ukiwaka leo, moshi utauona leo. Mfereji utajua baadaye.

Kabla ya harambee kulikuwa na mikono

Wazee wetu hawakusubiri serikali iwafundishe kuchanga. Wakalenjin walikuwa na kokwet, baraza la majirani lililoamua kazi za pamoja. Wakikuyu walikuwa na ngwatio, Wakamba mwethya, Wajaluo saga. Kapsoya ni mtaa wa watu wa kila kabila, kwa hivyo uliza nyumba yoyote kwenye ploti yenu, utapata jina la hii kitu kwa lugha ya kwao.

Angalia vizuri kile walichokuwa wanachanga: kazi. Leo tunalima kwako, kesho kwangu. Na kazi iko na tabia moja ambayo pesa haina. Huwezi kutuma kazi ukiwa kitandani halafu usahau. Uliyemlimia unamwona, na shamba ulilolima unapita kando yake kila siku. Kama magugu yamerudi, unayaona.

Halafu ikaja 1963. Jomo Kenyatta akachukua neno la wachukuzi wa mizigo, ile sauti ya watu wakivuta kitu kizito pamoja, akalifanya wito wa taifa: Harambee. Na ilifanya kazi, usidanganywe. Serikali mpya haikuwa na pesa za kujengea kila kijiji shule, kwa hivyo wanavijiji wakajenga wenyewe. Miaka ya sitini na sabini shule za sekondari za harambee zilichipuka kila mahali, na zahanati, na mabomba ya maji. Labda shuka uliyosomea ilinunuliwa na kuku wa nyanya wa mtu.

Lakini harambee ilitufundisha pia tabia mbaya moja: kuchanga kwa kitu kinachomalizika. Darasa unalijenga, unaezeka mabati, mheshimiwa anakata utepe, watu wanakula wali, mnaenda nyumbani. Darasa halihitaji kuchungwa usiku na mchana ili lisiliwe na ng'ombe. Msitu unahitaji.

Tabia ya pili mbaya ililetwa na wanasiasa. Harambee ikawa jukwaa. Mheshimiwa anakuja na bahasha, anataja kiasi kwa maikrofoni, watu wanapiga makofi, hakuna anayeuliza bahasha imetoka wapi. Kwa upande mwingine, chifu anazunguka kijijini akidai "mchango wa hiari" na usipotoa anabeba kuku. Mwaka 2003 ikatungwa sheria ya maadili ya maafisa wa umma iliyojaribu kupunguza huo mchezo. Haikutosha. Julai 2024, baada ya sisi vijana kuwa barabarani, Rais Ruto mwenyewe akatangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee. Miaka 61 baada ya 1963, wito wa taifa ulikuwa umegeuka kitu ambacho lazima serikali ijizuie nacho.

Mama aliyelipa kwa mti ulioishi

Sasa tuje kwa sehemu ambayo shuleni tulifundishwa nusu. Wote tunamjua Wangari Maathai. Wote tunajua Green Belt Movement ilianza 1977. Kile wengi hawajui ni jina la mwanzo la ule mradi: Save the Land Harambee. Yaani alichukua neno la Kenyatta, lililokuwa linajenga madarasa, akalipeleka kwa ardhi.

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, watu waliandamana Nairobi hadi Kamukunji na kupanda miti saba, kila mmoja kwa heshima ya shujaa mmoja. Sherehe nzuri. Viongozi walikuwepo. Na mingi kati ya ile miti ilikufa.

Soma tena hapo. Mwanamke aliyekuja kushinda Tuzo ya Amani ya Nobel 2004 alianza na hafla ya kupanda miti ambayo mingi ilikauka. Tofauti yake na sisi ni kile alichofanya baadaye. Vikundi vya akina mama vilipoanza kuotesha miche vijijini, mpango wake haukuwalipa kwa kila mche waliopanda. Uliwalipa pesa kidogo kwa kila mche ulioendelea kuishi baada ya kupandwa. Zilikuwa senti tu. Lakini hizo senti zilibadilisha swali. Badala ya "tulipanda mingapi?" likawa "imebaki mingapi?"

Linganisha na sisi. Serikali ilizindua Desemba 2022 kampeni ya miti bilioni 15 kufikia 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tukapewa hadi likizo ya kupanda miti. Mitandao ilijaa picha za watu wameshika miche, mimi nikiwa mmoja wao. Sasa niulize wewe uliyeposti siku ile: mti wako uko wapi leo? Uko na urefu gani? Sikuulizi kwa ubaya. Nauliza kwa sababu Maathai angeuliza.

Gari moja, kilomita moja ya fensi

Hadithi inayofuata ni ya matajiri, nakubali. Lakini iko na hesabu ambayo masikini anaweza kuiba.

Mwaka 1988 shirika la Rhino Ark lilianzishwa kuokoa vifaru weusi wa milima ya Aberdare, Nyandarua. Wazo lilikuwa kuweka fensi ya umeme. Pesa zingetoka wapi? Mwaka 1989 wakaanzisha mashindano ya magari yanaitwa Rhino Charge. Si mbio za kasi. Siku moja, porini, mahali ambapo huambiwi mapema, unapewa vituo vya kupitia ndani ya saa 10, na mshindi ni aliyevipita vyote kwa umbali mfupi zaidi. Maana yake unapanda mawe na kushuka makorongo na gari. Lakini ili uruhusiwe kuingia, lazima gari lako lije na ahadi za michango. Unaharibu gari na unalipa juu yake. Watu na pesa zao.

Sasa, hawakupata pesa ya fensi yote mwaka wa kwanza. Hawakuikaribia. Walichofanya ni kujenga kipande, kurudi mwaka uliofuata, kuonyesha kipande, kuchanga tena, kujenga kingine. Wakulima wanaopakana na msitu, ambao tembo walikuwa wanakula mahindi yao usiku, waliona fensi inawalinda wao pia, na ile kitu ya vifaru ikawa kitu ya shamba. Mpango ulikua ukazunguka safu nzima. Agosti 2009 Rais Kibaki akazindua kukamilika kwake: karibu kilomita 400. Ilichukua miaka 20. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa shindano la kwanza alikuwa amemaliza sekondari.

Na hata hapo haikuisha. Nyasi zikigusa waya, umeme unapotea. Nguzo zinaoza. Miti inaangukia fensi. Kwa hivyo mchango uliendelea kwa matunzo, na wao wakaenda milima mingine, Eburu na Mlima Kenya. Moto ulipozuka Aberdare Februari 2022, hawakuanza kwa kutafuta nambari ya Paybill. Tayari kulikuwa na watu, magari, mazoea ya kufanya kazi na KWS na KFS, na jina ambalo wachangiaji wanaliamini. Moto uliwakuta wamesimama.

Hicho ndicho kitu cha kuiba kwa matajiri: miaka 20 ya kurudi na ripoti. Magari wabaki nayo.

Simu imetupa kasi

M-Pesa ilizinduliwa 2007. Miaka minne tu baadaye, 2011, ukame mkali ulipopiga kaskazini, kampeni ya Kenyans for Kenya ililenga kukusanya shilingi milioni 500 kwa mwezi mmoja, na ikavuka. Watu walituma kumi, hamsini, soo. Kwa mara ya kwanza msee wa kibanda na meneja wa benki walichangia kwa njia ileile, bila maikrofoni kutaja nani ametoa ngapi. Bahasha ya mheshimiwa ilipata mpinzani.

Juni 2024 tuliona nguvu hiyo tena. Vijana walichanga mamilioni kwa siku chache kusaidia majeruhi wa maandamano, na baadaye wakadai hesabu kwa sauti kubwa mtandaoni. Wazee walituita wasumbufu. Mimi niliona kizazi kinachouliza "imebaki ngapi?"

Lakini kasi ya simu iko na shida yake. Inaenda na moyo, na moyo wetu unaenda na video. Oktoba 2020 Kilimanjaro iliwaka kuanzia eneo la Whona, katika njia ya Marangu. Ulikuwa mwaka wa korona, watalii wachache, mapato ya hifadhi yameanguka. Mamia ya watu walipanda kusaidia askari wa hifadhi, wakiwemo wanafunzi, wengi wakipigana na moto kwa zana za mkono na matawi. Moto ulipita takriban kilomita za mraba 95. Siku hizo Afrika Mashariki yote ilikuwa inaangalia. Mwezi uliofuata tulikuwa tumehamia stori nyingine. Wale waliobaki na mlima uliochomwa ni walewale waliokuwa nao kabla ya kamera.

Sasa, mlima uliochomwa unahitaji nini?

Hapa ndipo michango mingi hupotea, hata bila mwizi. Mtu akisikia msitu umeungua anafikiria miche. Lakini mlima si shamba moja.

Ukienda juu kabisa, kwenye nyasi na vichaka vya baridi, miche ya kununua haitakusaidia. Mimea ya huko hukua polepole ajabu na hurudi yenyewe, kwa miaka mingi, ikiwa utaiacha. Pesa ya huko ni ya kuzuia moto wa pili: kufyeka mikanda ya kuzuia moto kabla ya kiangazi, kulipa skauti wa kupiga doria, redio, viatu, chakula. Eneo likichomwa tena kabla halijapona, ndipo unalipoteza.

Ukishuka kwenye msitu wenyewe, mara nyingi mbegu ziko ardhini bado. Kazi ni kuzuia ng'ombe na mbuzi wasile machipukizi, na wachoma makaa wasimalizie yaliyosimama. Pale tu ambapo hakuna kitu kimebaki ndipo unapanda, tena miti ya kienyeji, kutoka kitalu cha wenyeji, halafu unapalilia msimu baada ya msimu.

Kwa hivyo gharama kubwa ya kuponya mlima ni mishahara ya watu wanaotembea. Haipendezi kwa picha. Hakuna utepe wa kukata.

Habari njema ni kwamba watu hao wapo. Tangu sheria ya misitu ya 2005, jamii zinazopakana na msitu zinaweza kuunda chama cha jamii cha msitu na kuusimamia pamoja na KFS. Wako na viongozi, wako na vitalu, wanajua kila njia ya ng'ombe. Huku kwetu Kaptagat, kampeni ya kurudisha msitu imekuwa ikifanyika kila mwaka tangu 2017, na Eliud Kipchoge, kupitia wakfu wake, alichukua sehemu ya ule msitu aitunze. Mtu anayejua marathoni anajua kilomita ya 5 haishindishi mtu. Sisi wengine tunachanga kama watu wa mita 100.

Jibu langu

Mmeniuliza nianzishe mchango wa moto. Historia imenipa masharti, na ninayaweka hapa wazi.

Moja. Pesa haiingii kwa simu yangu. Sheria ya kukusanya michango ya umma ni ya tangu enzi za ukoloni na bado inataka kibali, kwa hivyo tunafuata njia halali. Akaunti iwe na watia sahihi watatu, angalau mmoja kutoka chama cha jamii cha msitu wenyewe.

Mbili. Hatuchangi mara moja. Ni soo moja kwa mwezi, miezi 36. Tukipata watu 500 tu, hiyo ni elfu 50 kwa mwezi, laki 6 kwa mwaka, milioni 1.8 kwa miaka mitatu. Soo ni bei ya chapati mbili na maharagwe. Usiniambie hauna, niambie hutaki.

Tatu. Tunalipa kwa kinachoishi. Miche inahesabiwa baada ya kiangazi, na doria zinahesabiwa kwa siku zilizotembewa.

Nne. Hakuna mwanasiasa kwenye maikrofoni. Akitaka kutoa, atume soo kama sisi.

Tano. Hesabu itatoka kila mwezi, hata mwezi mbaya. Miche 400 ikifa, tutaandika miche 400 imekufa na kwa nini. Mtu atasema mnaona, pesa imepotea. Nyinyi mtakaokuwa mmesoma hadi hapa mtamwambia kuhusu miti saba ya Kamukunji.

Najua video ya moto ingeleta pesa haraka kuliko haya maneno yote. Najua pia mwezi wa saba, mvua ikinyesha na kila mahali kijani, hakuna atakayekumbuka. Ndiyo maana nauliza sasa, kabla ya kulia.

Kama uko tayari kwa miezi 36, andika 36 hapa chini. Kama uko tayari kwa wiki moja tu, andika 1, na sitakucheka. Nikishahesabu, nitajua kama tuko na mchango ama tuko na video tu.